Joto la Nyumba ni la Aliyemo

Kila Oktoba ikiingia, makundi yetu ya WhatsApp hapa Minnesota, Marekani, hurudi kwenye swali lilelile: ninunue themostati janja ipi (swichi ya joto ya ukutani inayoongozwa pia kwa simu) ili bili ya gesi ishuke? Majibu huja kwa wingi. Kila mtu husifu yake, na picha za visahani vinavyong'aa ukutani hufuatana hadi usiku wa manane. Mimi nimeulizwa mara nyingi tangu tuweke yetu, na jibu langu huwa refu kuliko alivyotarajia muulizaji, kwa hiyo nimeona bora niliandike lote mahali pamoja. Kifaa ni kizuri. Nakipenda, na bili imepungua. Lakini kabla hujauliza kitakuokolea dola ngapi, uliza kwanza kitamtii nani.

Nyumba yetu iko Brooklyn Park, kaskazini kidogo mwa Minneapolis, na ilijengwa miaka ya 1970. Tunaishi humo mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na mama yangu mzazi aliyekuja kutoka Mombasa kutusaidia kulea. Mume wangu hufanya kazi mchana, mimi ni wa zamu ya usiku hospitalini, na nikirudi asubuhi nalala. Anayeshinda macho nyumbani ni Mama na mtoto mdogo. Yeye ndiye anayeijua nyumba hii saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka lakini halina nguvu, na saa kumi na nusu jioni giza linapoingia mwezi wa Desemba. Themostati yoyote itakayotundikwa ukutani, yeye ndiye atakayeishi nayo.

Kwetu Pwani joto halinunuliwi. Linakuja lenyewe, na ujuzi wote wa mjenzi ni kulipunguza: kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha yanayoelekea upepo, baraza, feni ya dari. Huku mambo yamepinduka. Januari, wastani wa baridi ya usiku mjini Minneapolis ni chini ya nyuzi 10 za Farenhaiti, yaani kama 13 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na kuna siku ambazo hiyo huhesabiwa nafuu. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilishuka hadi 28 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, sawa na 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Siku ile gesi ilipungua nguvu kwenye mabomba upande wa mji wa Princeton, baadhi ya nyumba zikakatikiwa, na wateja wa kampuni moja kubwa ya jimbo wakaombwa washushe themostati zao hadi nyuzi 63 (za Farenhaiti, kama namba zote za joto zinazofuata; ni kama 17 kwa Selsiasi) ili wenzao wasipoe. Huwa naikumbuka siku hiyo kila nikimsikia mtu akisema kifaa hiki ni cha starehe tu.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Katika nyumba nyingi za huku, chini ya ardhi kuna tanuri la gesi. Moto hupasha vyuma, feni kubwa hupuliza hewa juu ya vyuma hivyo, na hewa ya moto husambaa nyumbani kupitia mifereji ya bati hadi kwenye matundu ya sakafuni. Themostati haipashi chochote. Ni swichi inayopima joto mahali ilipo na kuliambia tanuri liwake au lizime, basi. Kwa tanuri la hatua moja kama letu hakuna amri ya tatu. Nalisisitiza hili kwa sababu wageni wengi wakihisi baridi huipandisha hadi 85 wakidhani nyumba itapata joto upesi zaidi. Haitapata. Kutoka 62 kwenda 68 tanuri litachukua muda uleule, uwe umeomba 68 au 85. Tofauti ni kwamba ukiomba 85 halitasimama pale ulipotaka, na utaamka usiku ukitokwa jasho huku gesi inaungua.

Kifaa hiki kina historia ndefu mjini kwetu. Albert Butz, mhamiaji aliyezaliwa Uswisi, alitengeneza hapa Minneapolis mwaka 1885 kirekebishaji kilichofungua na kufunga kibamba cha hewa cha tanuri la makaa ya mawe kulingana na joto la chumba, ili mtu asilazimike kushuka chini kila mara kuchochea moto. Kampuni iliyozaliwa na wazo hilo ilipita mikononi mwa watu kadhaa, na mwaka 1927 ikaungana na ile ya Mark Honeywell wa Wabash, Indiana. Mwaka 1953 wakatoa themostati ya duara iliyobuniwa na Henry Dreyfuss, ambayo hadi leo ukiingia katika nyumba za wazee huku utaikuta ukutani. Yetu ilikuwa ya ukoo huo. Ndani yake mlikuwa na ukanda wa chuma uliosokotwa na kichupa cha kioo chenye zebaki. Ukanda ukipoa hujisokota, kichupa huinama, zebaki hutiririka na kuunganisha waya mbili, na chini tanuri linanguruma. Haikuhitaji betri wala intaneti. Mama aliipenda sana kwa sababu aliizungusha kwa kidole na nyumba ikamjibu.

Tulipoiondoa hatukuitupa takani. Sheria ya Minnesota inakataza zebaki kuchanganywa na taka za kawaida, na kichupa kimoja huwa na gramu kadhaa zake. Kaunti ya Hennepin ina kituo cha kupokea taka hatari humu humu Brooklyn Park. Tafadhali, kama una ile duara ya zamani, ipeleke huko ikiwa nzima, usiifungue mbele ya watoto kuwaonyesha zebaki inavyocheza.

Sasa habari ya pesa, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengi hapa. Wizara ya Nishati ya Marekani husema ukishusha joto kwa nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa nane kila siku, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka katika gharama za kupasha na kupoza nyumba. Neno "hadi" hapo lisomwe kwa makini. Joto hutoka nyumbani kwa kadiri ya tofauti kati ya ndani na nje. Tuseme ndani ni 68 na nje ni 10: tofauti ni 58. Ukishusha hadi 60 wakati wa kulala, tofauti inakuwa 50, yaani nyumba inapoteza joto pungufu kwa asilimia 14 hivi katika saa hizo. Saa nane ni theluthi ya siku, kwa hiyo kwa siku nzima umeokoa chini kidogo ya asilimia 5, tena ukiwa umechukulia kwamba nyumba ilipoa papo hapo, na nyumba haipoi hivyo. Mahali ambapo nje ni 45, hesabu ileile inatoa asilimia 12 hivi. Maana yake, anayeishi Atlanta huona faida ya kushusha usiku kwa uwiano mkubwa kuliko sisi wa Minnesota, ingawa bili yetu ndiyo nene.

Tena kumbukeni kwamba themostati zenye ratiba si kitu kipya. Zilikuwepo kabla hata ya simu janja, na shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilizipa alama yake ya Energy Star, ya vifaa vinavyobana nishati, hadi mwishoni mwa 2009, kisha likaiondoa, kwa sababu akiba iliyotarajiwa haikuonekana majumbani. Kuzipanga kulikuwa kazi ngumu, watu wakaziacha zikiwaka wakati wote. Za kuunganishwa na intaneti zilipata alama yake baadaye, na makadirio ya EPA ni akiba ya wastani wa asilimia 8 ya gharama za kupasha na kupoza. Si haba. Lakini hakuna mtu aliyejenga gorofa kwa asilimia 8 ya bili ya gesi.

Ndiyo maana sisi tulianza na nyumba yenyewe. Baridi ya kwanza tuliyokaa hapa, mume wangu aliona paa letu limeyeyuka theluji katikati wakati mapaa ya majirani bado ni meupe kabisa, na vidole virefu vya barafu vinaning'inia ukingoni. Theluji ile ilikuwa inayeyushwa na joto tulilokwisha kulilipia. Alikuja mkaguzi, akafunga feni kwenye mlango wa mbele kwa turubai, akavuta hewa kutoka ndani hadi shinikizo la hewa la ndani na la nje likatofautiana kwa paskali 50, kisha akatutembeza nyumba nzima tukiwa tumenyoosha mikono. Baridi iliingia kwenye soketi za umeme, kwenye mfuniko wa kupandia darini, na pale ukuta unapokaa juu ya msingi. Kununua themostati janja ukaiweka kwenye nyumba ya namna hiyo ni kuchota maji kwa pakacha. Tuliziba mianya kwanza, tukaongeza nyenzo za kuzuia joto darini, tukabadilisha chujio la tanuri lililokuwa limejaa vumbi. Kwa mwenye kipato kidogo, jimbo lina mpango wa kuhudumia nyumba kwa kazi hizi bila malipo, na watu wetu wengi wanastahili lakini hawaombi. Ombeni.

Ufungaji wa themostati wenyewe ni kazi ya nusu siku kwa mtu mtulivu. Ugumu uko kwenye waya. Mfumo huu hutumia umeme mdogo wa volti 24 kutoka kwenye transfoma ndani ya tanuri. Waya wa R huleta umeme, W huamuru joto, Y huamuru kiyoyozi, G huamuru feni. Ile duara ya zamani haikuhitaji zaidi ya hapo. Themostati janja ina kioo, redio ya Wi-Fi na kompyuta ndogo, nayo inataka umeme saa zote, kwa hiyo inahitaji waya wa tano, C, wa kurudishia umeme kwenye transfoma. Usipokuwepo, aina nyingine huiba umeme kidogo kidogo kupitia waya wa W au Y. Siku nyingi hilo hufanya kazi, kisha siku ya baridi kali tanuri linaanza kuwaka na kuzima bila mpango, au kifaa kinaishiwa betri usiku. Mimi sishauri kuishi hivyo katika jimbo hili. Kwetu kebo ilikuwa na waya tano, mmoja wa buluu ulikuwa umekunjwa nyuma ya ukuta bila kazi tangu nyumba ijengwe. Mume wangu aliuunganisha na C pande zote mbili, juu na kwenye ubao wa tanuri, yakaisha.

Ukitaka kufanya mwenyewe, zima swichi ya tanuri kwanza. Piga picha ya waya zilivyo kabla hujagusa kitu, na uandike kila waya kwa herufi ya tundu ulimotoka, si kwa rangi yake, maana fundi wa 1974 alitumia rangi aliyokuwa nayo. R ikigusana na C kukiwa na umeme, fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5 kwenye ubao wa tanuri hukatika. Ni ya bei ndogo na aina yake ni ileile ya magari, kwa hiyo kuwa na ya akiba. Na ukifungua ukaona waya mbili au nne nene zilizofungwa kwa vifuniko, simama hapo hapo. Huo ni umeme wa volti 120 au 240 wa hita za ukutani, na themostati hizi hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Kuchagua kifaa ndiko kulikochukua muda, na ndiko nilikomhusisha Mama. Nilimpeleka dukani palipokuwa na vya maonyesho ukutani.

"Mama, jaribu hiki."

Akakigusa kioo, kikawaka, kikampa picha tano. Akaweka miwani. "Hiki chataka kucha na miwani, mwanangu. Usiku nitakiona wapi?"

"Na hiki je?"

Kilikuwa na pete ya nje inayozunguka. Akaizungusha, namba ikapanda, akaizungusha nyuma, ikashuka. "Hiki hata gizani nakimudu."

Tukanunua hicho. Kilikuwa na sifa chache kuliko vingine vya bei ileile, na hadi leo sijutii. Nawaomba wenzangu wenye wazazi nyumbani wafanye hivyo hivyo. Watu wa umri huo hawatakuambia kwamba wameshindwa na kifaa. Watavaa sweta la pili, watajitanda leso juu ya sweta, watanyamaza. Na hata wakikiweza, kuna jambo lingine ndani yake. Nilipomuuliza Mama mchana mmoja kwa nini hakuongeza joto na vidole vyake ni baridi, alinijibu, "Msiniwashie gesi kwa ajili yangu peke yangu." Mzazi hataki kuwa mzigo kwa mwanawe. Hilo themostati haiwezi kulijua, ni sisi tunaopaswa kulijua na kulitangulia.

Tena si suala la adabu tu. Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani hushauri nyumba yenye mzee isishuke chini ya nyuzi 68 hadi 70, na inaonya kwamba hata nyumba ya nyuzi 60 hadi 65 inaweza kumshusha mzee joto la mwili hadi hatarini. Mimi kazini nimewapokea wazee waliopoa ndani ya nyumba zao wenyewe. Kushusha hadi 60 usiku, ambako vitabu vyote vya kubana matumizi vinakusifu, kwa nyumba yenye bibi au kichanga si akiba.

Kwa hiyo tulipoanza kuipanga programu, kitu cha kwanza tulichokizima ni kile kinachofuata simu. Wanakiuza kama muujiza: kifaa kinaona simu zenu zimetoka mtaani, kinajua hakuna mtu, kinapunguza joto hadi mtakaporudi. Hesabu yake ni ya simu. Mama ana simu, lakini ni ya kupokelea WhatsApp kutoka Kisauni, haimo katika orodha ya kifaa, na mtoto hana kabisa. Mimi na mume wangu tukitoka wote wawili, kwa hesabu hiyo nyumba ni tupu, na ndani kuna watu wawili dhaifu kuliko wote. Vifaa vingine vina jicho la kuhisi mtu akipita mbele yake, lakini kifaa kiko ukumbini, na Mama asubuhi huwa chumbani na mtoto. Kama nyumba yako wote mnatoka na kurudi pamoja, kitumie, ni kizuri. Kama kuna anayebaki, kizime kabla ya siku ya kwanza.

Kile cha kujifunza tabia nacho kilitaka uangalizi. Kinachukua unavyozungusha kwa siku kadhaa na kujitungia ratiba. Kinafaa watu wanaoishi kwa saa za ofisi. Sisi tunaishi kwa saa za jua pia. Mama huamka kabla ya alfajiri, atawadhe, aswali, akae na uradi wake. Desemba alfajiri hapa huingia baada ya saa kumi na mbili, Aprili huingia mapema zaidi ya saa nzima, na katikati saa za nchi zinasogezwa mbele mwezi Machi. Kisha inakuja Ramadhani, ambayo kwa miaka hii imekuwa ikiangukia mwishoni mwa baridi, na nyumba nzima iko jikoni kwa daku wakati mashine inaamini tumelala. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hakuna kifaa kitakachojifunza hilo kwa kutazama wiki mbili. Tuliuzima ujifunzaji, tukaandika ratiba wenyewe, na kila mwanzo wa mwezi mume wangu huisogeza saa ya kuamka nyumba ilingane na alfajiri. Anaweka dakika arobaini na tano kabla, ili sakafu ya msalani isimkute Mama ikiwa barafu. Ni kazi ya dakika mbili kwenye simu, na kwa ile duara ya zamani tusingeiweza. Hapo ndipo nilipoanza kukipenda kifaa hiki kwa dhati.

Kitu kingine kilichostahili bei yake ni vihisi vya vyumbani. Chumba cha Mama kiko juu ya gereji, na gereji haina joto, kwa hiyo usiku chumba hicho kilikuwa kikisoma nyuzi 6 au 7 chini ya ukumbi. Kwa miaka yote themostati ya ukumbini ilikuwa ikiliambia tanuri kazi imekwisha wakati chumba kile bado kinatetemeka. Sasa kihisi kidogo kimekaa juu ya kabati lake, na kuanzia saa tatu usiku kifaa kinafuata kihisi hicho badala ya ukumbi. Mfumo wetu ni wa kanda moja, hauwezi kupeleka joto chumba kimoja tu, kwa hiyo vyumba vingine vilipata joto la ziada na watoto wakawa wanalala bila blanketi. Tukafunga nusu ya matundu ya vyumba vyao, si yote, maana kuyafunga yote hubana feni. Kilichomaliza tatizo hasa ni kujaza nyenzo za kuzuia joto katika dari ya gereji. Lakini bila kihisi kile tusingejua tofauti ni kubwa kiasi gani. Tulidhani Mama anahisi baridi kwa sababu ya Mombasa.

Nirudi kwenye lile swali la nani anatiiwa. Swichi ya ukutani ni ya yeyote anayeifikia. Ya kwenye simu ni ya mwenye nywila. Mwaka 2018 gazeti la New York Times liliandika kuhusu wanawake waliopandishiwa na kushushiwa joto la nyumba, wakawashiwa taa na muziki, na wanaume ambao hawakuwamo hata ndani. Nimewahi kuwasikia wanawake wa jamii yetu wakisema "simu ya joto anayo yeye", wakicheka, na mimi sikucheka. Kwetu akaunti imeandikishwa kwa majina yetu wawili, nywila tunaijua wote wawili, na kufuli la tarakimu kwenye kifaa tumeliondoa. Akiwa kazini mume wangu anaweza kuona joto la nyumba. Tumekubaliana halishushi bila kumpigia aliyeko ndani.

Wapo na wengine wanaopenda kushika hiyo simu. Kampuni za umeme hutoa punguzo ukijiunga na mipango inayowaruhusu kurekebisha themostati yako saa ambazo gridi imeelemewa. Juni 2021 huko Texas watu kadhaa waliamka nyumba zimepata joto kali, themostati za viyoyozi vyao zimepandishwa kutoka mbali, na walikuwa wamekubali wenyewe walipojiandikisha bila kusoma masharti. Mimi siupingi mpango huo. Nimeshasimulia habari ya 2019, na gridi ni ya wote. Ila soma uone kama unaweza kukataa kwa kuzungusha pete, na kama nyumbani kuna mgonjwa, usijiunge.

Pia kifaa hiki hakitadumu miaka sitini kama ile duara. Januari 2016 hitilafu ya programu ilimaliza betri za themostati nyingi za Nest, chapa ya Google, katikati ya baridi, watu wakaamka nyumba zimepoa. Tarehe 25 Oktoba 2025 Google iliacha kuzihudumia Nest za kizazi cha kwanza na cha pili, za 2011 na 2012; zinaendelea kufanya kazi ukutani, lakini simu haizifikii tena. Kabla ya kununua, muulize muuzaji swali moja: intaneti ikikatika na kampuni ikifunga, je, nikizungusha hapa tanuri litawaka? Jibu likiwa na "ila", rudisha sandukuni.

Simu yenyewe hujilipa Desemba, tunapokwenda nyumbani Mombasa wote. Nyumba tupu ya Minnesota inaweza kupasuka mabomba kwa usiku mmoja tanuri likizima, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Tunaiacha nyuzi 58 (mafundi wengi husema isipungue 55), tunafunga maji kwenye mita, na jirani anabaki na ufunguo. Kisha niko Nyali upepo wa kaskazi unavuma, nafungua simu naona Brooklyn Park ni 58. Tuko mbele kwa saa tisa, kwa hiyo alasiri yangu ni kabla ya macheo kwao, saa ya baridi kuliko zote. Kifaa hutuma onyo joto likishuka chini ya 50. Onyo hilo hupita kwenye intaneti, kwa hiyo jirani ni wa lazima, simu haimwondoi.

Kwa mnaopanga nyumba, hayo mengi hayako mikononi mwenu, lakini haki iko. Tangu 2024 sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba anayedhibiti joto ahakikishe halipungui nyuzi 68 kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Na kwa miezi hiyo hiyo kuna kanuni ya majira ya baridi inayozuia kukatiwa huduma ya kupasha nyumba ukipanga na kampuni utakavyolipa na ukalipa hivyo. Piga simu kabla deni halijawa kubwa.

Ukitaka kujua kama umeokoa kweli, usilinganishe dola za Januari hii na za Januari iliyopita, maana bei hubadilika na baridi haifanani. Chukua idadi ya thermi (kipimo cha gesi uliyotumia) zilizoandikwa kwenye bili, ugawanye kwa digrii-siku za kupasha za mwezi huo, yaani kipimo cha ukali wa baridi yake, ambazo Idara ya Hali ya Hewa huzichapisha bure. Minneapolis hufikisha zaidi ya 7,000 kwa mwaka. Kwetu uwiano huo ulishuka sana baada ya dari, ukashuka kidogo baada ya gereji, na kidogo tena baada ya themostati. Chumba cha Mama tumekipandisha joto, na bado matumizi yako chini ya tulivyoanza. Nimeridhika.

Jambo la mwisho tulilofanya halikugharimu kitu. Binti yetu mkubwa aliandika karatasi kwa herufi kubwa, tukaibandika kando ya kifaa, na kila mgeni anayelala kwetu huonyeshwa. Inasema: zungusha kulia joto lipande, kushoto lishuke. Hadi 72 huhitaji ruhusa ya mtu. Ukitaka joto upesi, usipandishe zaidi, subiri. Kioo kikiwa cheusi, tazama swichi nyekundu juu ya ngazi za chini, kisha mpigie Baba. Usiwashe oveni wala jiko la makaa kupasha chumba, hata umeme ukikatika. Kengele ya kaboni monoksaidi ikilia, usitafute sababu: mchukue mtoto, toka nje ulivyo, piga 911.